Kuondoa maneno yasiyo na kazi katika ombi la hataza: hatua kwa hatua

Anayesoma madai ya hataza (patent), yaani sentensi zinazosema ni kitu gani hasa kinacholindwa, awe mchunguzi wa ofisi ya hataza, mshindani wako au jaji, huanza na dhana moja: kila neno lililomo liliwekwa kwa sababu. Ukiandika "fremu imara", atauliza imara kiasi gani. Ukiandika "takriban kati ya 38 hadi 45", atauliza kama 37 imo au haimo. Ukiandika "angalau trei moja au zaidi", atatafuta kitu ambacho "au zaidi" imeongeza na hatakiona. Wewe ulikuwa unajihami tu. Yeye anatafuta maana, na akiikosa ataandika kwamba dai haliko wazi. Au mbaya zaidi, ataipata maana ambayo hukuikusudia.

Mwongozo huu ni wa mvumbuzi, wakili au mwanafunzi ambaye rasimu yake iko tayari na anataka kuipeleka URSB, ofisi ya usajili ya Uganda pale Kampala, au ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu kule Harare, au kupitia mfumo wa PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, ambao Uganda imo tangu mwaka 1995. Unafaa pia kwa ombi la modeli ya matumizi (utility model), kwa sababu nalo lina madai na madai hayo husomwa vilevile. Ombi lenyewe litapelekwa kwa Kiingereza, lakini wengi huzungumza na fundi kwa Kiswahili na kuandika rasimu ya kwanza hivyohivyo. Safisha rasimu hiyo kabla ya kuitafsiri. Neno la ziada likishaingia Kiingereza cha kisheria hupata heshima lisiyostahili, na hakuna atakayethubutu kulifuta.

Hatua ya 1: Anza na madai

Usianze na maelezo, yaani sehemu inayoeleza jinsi mashine ilivyoundwa na inavyofanya kazi. Maelezo ni marefu na yatakuchosha kabla hujafika penye hatari. Madai ndiyo mpaka wa shamba lako, kwa hiyo yachapishe peke yake kwenye karatasi, dai la kwanza likiwa na nafasi pana kati ya mistari, na ushike kalamu.

Tuchukue rasimu ya mfano. Mvumbuzi ametengeneza kikaushio cha kahawa cha nguvu ya jua. Vikaushio vya aina hiyo vipo vingi. Chake kina kilango ndani ya dohani kinachojifungua chenyewe joto likizidi, ili kahawa isiungue mtu akiwa shambani. Dai lake la kwanza linasema:

"1. Kikaushio cha kisasa na cha gharama nafuu kwa ajili ya madhumuni ya kukaushia kahawa au mazao mengine yoyote yanayofanana nayo, kinachojumuisha, lakini si kwa hivyo tu, fremu imara iliyotengenezwa kwa chuma au kitu kingine chochote kinachofaa; angalau trei moja au zaidi zilizopangwa kimsingi kwa mlalo ndani ya fremu iliyotajwa hapo juu; dohani iliyowekwa na kufungwa na kuunganishwa takriban juu kabisa ya fremu hiyo iliyotajwa; na kilango chenye uwezo wa kuweza kufunguka, ikiwezekana kwa kutumia utepe wa metali mbili, pale joto linapofika takriban kati ya nyuzi 38 hadi 45, ili kahawa ikauke vizuri na kwa haraka."

Ukilisoma haraka linasikika kama hati ya kisheria. Hilo ndilo tatizo lake.

Hatua ya 2: Funika neno, kisha uliza swali moja

Weka kidole juu ya neno au kifungu cha sifa, soma sentensi bila hicho, kisha uliza: je, kuna mashine ambayo ilikuwa nje ya dai na sasa imeingia, au ilikuwa ndani na sasa imetoka?

Majibu yanayowezekana ni matatu. Jibu likiwa "hapana, hakuna kilichobadilika", futa. Likiwa "ndiyo", usifute bado. Andika pembeni ni mashine gani hiyo, kwa sababu neno hilo linafanya kazi na inabidi uamue kama unaitaka kazi hiyo. Likiwa "sijui", piga duara jekundu. Duara jekundu ni neno ambalo siku moja wakili wa upande wa pili atakueleza maana yake mbele ya hakimu.

Tulipitie dai letu.

"Cha kisasa na cha gharama nafuu": futa. Hakuna anayejua mpaka wa kisasa, na bei ya shilingi si sehemu ya mashine.

"Kwa ajili ya madhumuni ya kukaushia" ni "cha kukaushia". Hakuna kilichopotea.

"Au mazao mengine yoyote yanayofanana nayo": hapa jibu ni ndiyo, kuna kinachobadilika, lakini kimewekwa vibaya. Zao gani linafanana na kahawa? Kakao? Njugu? Kama kikaushio kinakausha zao lolote linalotandazwa kwenye trei, sema "kikaushio cha mazao" na kahawa ihamie kwenye maelezo. Kumbuka pia kwamba katika dai la kifaa, maneno ya matumizi kama "cha kukaushia kahawa" kwa kawaida husomwa kuwa "kinachofaa kukaushia kahawa". Kifaa cha zamani kinachofaa kwa kazi hiyo kinaweza kukuangusha hata kama mwenyewe alikianikia samaki.

"Lakini si kwa hivyo tu": futa bila majuto. Katika lugha ya madai, "kinachojumuisha" tayari kiko wazi: mashine yenye sehemu hizo pamoja na nyingine bado imo ndani. Neno linalofunga ni "kilichoundwa na ... pekee". Ukiongeza "si kwa hivyo tu" baada ya "kinachojumuisha" umemfanya msomaji ajiulize kama kwingineko, ulikoandika "kinachojumuisha" peke yake, ulikusudia kufunga.

"Imara": duara jekundu, kisha ufute. Fremu isiyo imara itaanguka yenyewe.

"Iliyotengenezwa kwa chuma au kitu kingine chochote kinachofaa": hiki kifungu kinajila. Chuma au chochote ni sawa na kutosema chochote, kwa hiyo "fremu" inatosha. Ukitaka chuma kilindwe kwa namna yake, kina nafasi katika dai tegemezi, yaani dai linalorejelea dai lililotangulia na kuliongezea sifa.

"Iliyowekwa na kufungwa na kuunganishwa": maneno matatu kwa kazi moja. Hatari yake ni kwamba msomaji atayachukua kuwa masharti matatu, na mshindani atakuja na dohani iliyochomekwa tu, haikufungwa. Chagua moja lililo pana zaidi kati ya yale unayoweza kuyatetea: "iliyounganishwa".

"Ili kahawa ikauke vizuri na kwa haraka": matokeo. Ukiyaacha, utatakiwa kuonyesha kwamba mashine ya mshindani nayo inakausha "vizuri". Yahamishie kwenye maelezo na uyape namba za siku na unyevu.

Baada ya kufuta yote hayo, kitu kimoja kinajitokeza ambacho awali hakikuonekana: dai halisemi joto la nini. La hewa chini ya trei? La kahawa yenyewe? La hewa inayopanda dohani? Kuna vifungu vya sifa zaidi ya kumi, na kile kimoja kilichohitajika hakipo. Hii hutokea mara nyingi mno; haiwezi kuwa bahati mbaya tu. Maneno ya kujihami humpa mwandishi hisia kwamba amesema kwa uangalifu, kumbe amezunguka mahali penyewe. Utepe wa metali mbili, ambao hupinda ukipata joto, umefungwa dohanini, kwa hiyo joto unalolihisi utepe huo ni la hewa inayoingia dohani, na hivyo ndivyo iandikwe.

Hatua ya 3: Namba zisivae nguo mbili

"Takriban" na "kati ya" hazikai pamoja. Kipimo chenye ncha mbili tayari kina nafasi ndani yake; "takriban" inafanya kila ncha kuwa ukungu. Chagua: "kati ya nyuzijoto 38 na 45", au "takriban nyuzijoto 42", na ukichagua ya pili useme kwenye maelezo kwamba takriban ni nyuzi ngapi juu au chini. "Angalau moja au zaidi" ni "angalau moja". "Isiyozidi kiwango cha juu cha 50" ni "isiyozidi 50". "Jozi ya mbili", "wingi wa trei kadhaa": vivyo hivyo.

Kama unaogopa kwamba mtu ataweka kilango kinachofunguka kwenye nyuzi 46 na kukukwepa, dawa si "takriban". Dawa ni kuitoa namba kwenye dai la kwanza na kuandika "kiwango kilichowekwa", halafu namba zishuke kwa ngazi: dai tegemezi moja lenye 35 hadi 50, jingine lenye 38 hadi 45. Ngazi zote ziwemo kwenye maelezo tangu siku ya kuwasilisha ombi. Kipimo kisichokuwamo siku hiyo hakiingii baadaye.

Hatua ya 4: "Kimsingi" na ndugu zake

"Kimsingi mlalo", "kwa kiasi kikubwa bapa", "karibu wima". Hapa wengi hukosea kwa pande zote mbili: wapo wanaoyaweka kila mahali, na wapo waliosikia kwamba ni maneno mabaya wakayafuta yote. Kanuni inayofanya kazi ni hii: neno hili libaki pale tu umbo linapotakiwa kuwa la kijiometri, na kiwandani haliwezi kuwa hivyo kikamilifu, na umeeleza mahali fulani tofauti inayoruhusiwa.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo kila anayeandika madai anapaswa kuijua, kwa sababu hukumu za huko hazifungi mahakama za Uganda lakini husikilizwa. Ni ya Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyoamuliwa mwaka 1980 na House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo. Hataza ilihusu kizingiti cha chuma cha juu ya mlango au dirisha, na dai lilitaka bamba la nyuma liende "wima". Mshindani alilitega bamba lake, kwanza digrii 6 kutoka wima, kisha 8, akadai yuko nje. Jaji Lord Diplock alilisoma neno hilo kwa jicho la mjenzi: kwa kazi ya kubeba ukuta, mjenzi angeona bamba hilo ni wima vya kutosha. Mwenye hataza akashinda bila "kimsingi".

Usichukue kesi hiyo kuwa ruhusa ya kuandika ovyo. Mwenye hataza alilazimika kupanda hadi mahakama ya juu kabisa kwa ajili ya neno moja. Andika kwenye maelezo: "mlalo hapa ni mteremko usiozidi digrii 5", na mzozo unafia mezani. Katika dai letu, kwa kweli, mlalo wa trei hauhusiani na uvumbuzi hata kidogo. Trei yenye mteremko wa digrii 10 ingefanya kazi ileile. Kwa hiyo "zilizopangwa kimsingi kwa mlalo" yote inatoka, pamoja na "kimsingi" yake.

Hatua ya 5: "Ikiwezekana", "hasa", "kama vile", "kwa mfano"

Ndani ya dai maneno haya hayafungi kitu. "Kilango kinachofunguliwa, ikiwezekana, na utepe wa metali mbili" ni kilango kinachofunguliwa na chochote, pamoja na mkono wa mtu. Mchunguzi akipata kikaushio cha zamani chenye kilango cha kufungua kwa mkono, dai lako limekufa, na utepe ulioutaja haukukuokoa.

Kila "ikiwezekana" ndani ya dai ni uamuzi ulioahirishwa. Rudi kwa mvumbuzi umuulize: utepe wa metali mbili ndio roho ya jambo, au ni njia mojawapo? Akisema ni roho, ondoa "ikiwezekana" na utepe ubaki. Akisema ni njia mojawapo, muulize nyingine ni ipi. Akijibu, kwa mfano, silinda yenye nta inayovimba kwa joto, kama ile iliyo ndani ya themostati ya injini ya gari, basi dai la kwanza lipewe jina linalobeba zote mbili, na kila moja ipate dai lake tegemezi. Akikosa njia ya pili, usijifanye unayo. Dai pana lisilo na mfano nyuma yake litarudishwa kwa kukosa kuungwa mkono na maelezo. Kifungu cha 6 cha mkataba wa PCT kinataka madai yawe wazi, mafupi na yaungwe mkono kikamilifu.

Sasa dai linasomeka hivi:

"1. Kikaushio cha mazao, kinachojumuisha: fremu, angalau trei moja iliyowekwa ndani ya fremu, dohani iliyounganishwa na sehemu ya juu ya fremu, kilango ndani ya dohani, na kiungo kinachobadilika umbo kwa joto, kilichounganishwa na kilango hicho, ambacho hufungua kilango hicho joto la hewa inayoingia dohani linapofika kiwango kilichowekwa.

2. Kikaushio cha dai la 1, ambapo kiungo hicho ni utepe wa metali mbili.

3. Kikaushio cha dai la 1, ambapo kiungo hicho ni silinda yenye nta.

4. Kikaushio cha dai lolote kati ya 1 hadi 3, ambapo kiwango hicho kiko kati ya nyuzijoto 38 na 45 za Selsiasi."

Dai limepungua maneno na limepanuka eneo, isipokuwa kwenye kiungo, ambako limebanwa kwa makusudi. Angalia pia "hicho": kitu kinapotajwa mara ya kwanza hakina "hicho", na kinaporudi kinaitwa kwa jina lilelile. "Iliyotajwa hapo juu" haihitajiki. Mfasiri anahitaji alama hii zaidi kuliko unavyodhani, kwani Kiingereza kitamlazimisha aseme kama kitu ni kipya au kimeshatajwa, na akikisia vibaya kilango kimoja kitakuwa viwili.

Hatua ya 6: "Uwezo wa" si maji matupu kila mara

Usiwe na mkono mwepesi kupita kiasi. "Chenye uwezo wa kuweza kufunguka" ina uwezo mara mbili, kwa hiyo mmoja utoke. Lakini "kinachoweza kufunguka" na "kinachofunguka" haviko sawa. La kwanza linahusu kifaa kikiwa kimesimama dukani. La pili linaweza kusomwa kuwa linahusu kifaa kikiwa kazini. Kama mshindani wako ni kiwanda kinachouza vikaushio na anayevitumia ni mkulima wa Masaka, unataka dai linalomkamata muuzaji siku ya kuuza, sio linalosubiri joto lipande kwa mkulima. Hapo "kilichoundwa ili kufungua kilango" lina thamani yake. Ni mojawapo ya sehemu ambazo ni afadhali kumuuliza wakala wa hataza kuliko kufuata orodha.

Na "kilichosanidiwa na kupangwa na kurekebishwa ili kiweze kufanya kazi ya kufungua"? Ni "kilichoundwa ili kufungua". Hilo halina mjadala.

Hatua ya 7: Sasa maelezo

Ugonjwa wa maelezo ni mwingine. Kila aya huanza na "katika mfano mmojawapo wa utekelezaji, lakini bila kujifunga kwa huo tu", na kurasa zinaongezeka. Andika hili mara moja, mwanzoni mwa sehemu ya maelezo ya kina: "Mifano ifuatayo inaonyesha namna za kutekeleza uvumbuzi. Sifa ya mfano mmoja inaweza kutumika katika mwingine isipokuwa pale inaposemwa vinginevyo." Baada ya hapo eleza mashine kwa wakati uliopo, kwa sentensi za moja kwa moja: fremu ina trei tatu, kila trei ina wavu wa milimita 3. "Inaweza" itumike pale tu unapoleta chaguo la kweli, nalo ulitaje: "Wavu unaweza kuwa wa plastiki." Sentensi ya "wavu unaweza kuwa wa kitu chochote kinachofaa, bila kikomo" haimfundishi mtu kitu na haitakusaidia siku utakapotaka kudai plastiki.

Yale maneno ya mwisho wa hati, kwamba mtu mwenye ujuzi atatambua mabadiliko mengi yanayolingana na roho ya uvumbuzi, wachunguzi wa Ulaya huyaomba yatolewe kwa sababu yanaufanya upeo wa madai kuwa wa ukungu. Sentensi moja fupi inavumilika. Aya tatu ni za kufuta.

Kurasa zina bei. Katika PCT, ombi likizidi kurasa 30 kila ukurasa wa ziada hulipiwa. Raia na mkazi wa Uganda hupata punguzo la asilimia 90 la ada ya kimataifa, kwa kuwa nchi imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, mradi waombaji wote wawe na sifa hiyo. Lakini ukiingia China au Japani utamlipa mfasiri kwa kila neno, na huyo hana punguzo la Umoja wa Mataifa.

Hatua ya 8: Maneno yasiyo matupu, bali yenye meno

Unapofuta, utakutana na sifa zinazofanana na pambo lakini zinauma: "lazima", "muhimu sana", "ni sharti", "pekee", "daima", "uvumbuzi huu ni". Mtu huandika "ni muhimu kabisa dohani iwe na urefu wa mita 1.5" kwa kutaka kusisitiza tu. Akishawasilisha, dohani fupi imetoka. Hata akitaka kuiondoa mita 1.5 kwenye dai baadaye, ataambiwa maelezo yake mwenyewe yalisema bila hiyo mashine haifanyi kazi, na kuiondoa ni kuongeza jambo jipya.

"Uvumbuzi huu" nayo ina historia. Katika kesi ya Verizon dhidi ya Vonage mwaka 2007, mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza kesi za hataza ilisema kwamba hataza inapoeleza sifa fulani kuwa ni ya uvumbuzi kwa jumla, maelezo hayo yanaufunga upeo wake. Kwa hiyo "uvumbuzi huu una trei tatu" iandikwe "kikaushio cha Mchoro wa 1 kina trei tatu".

Hatua ya 9: Majina yasizaliane

Tengeneza jedwali la safu mbili: namba ya kwenye mchoro, na jina moja. 10 fremu, 12 trei, 14 dohani, 16 kilango, 18 utepe. Kisha tafuta ndani ya hati "rafu", "kichanja", "sinia", "mlango mdogo", "kifuniko". Kila jina la pili la kitu kilekile ni sifa ya ziada iliyojificha, kwa sababu msomaji atadhani ni kitu cha pili. Shuleni tulifundishwa tusirudie neno moja. Hapa urudie hadi uchoke. Kanuni za PCT zenyewe zinataka istilahi na alama zilingane kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ombi.

Hatua ya 10: Ikisiri

Ikisiri ni muhtasari wa ombi. Iwe fupi: maneno 50 hadi 150 kwa Kiingereza, na hairuhusiwi kusifia ubora au thamani ya uvumbuzi. Njia rahisi ni kuchukua dai la kwanza lililosafishwa, kulivunja katika sentensi mbili au tatu, na kuongeza namba za mchoro ndani ya mabano.

Hatua ya 11: Ukaguzi wa mwisho

Fungua hati kwenye kompyuta na utafute neno mojamoja: takriban, kimsingi, kwa ujumla, ikiwezekana, hasa, kama vile, kwa mfano, na kadhalika, yoyote, inayofaa, imara, bora, rahisi, kisasa, haraka, uwezo wa, kwa madhumuni ya, iliyotajwa, na/au, lazima, muhimu. Ndani ya madai kila linalopatikana litetewe kwa sentensi moja au litoke. "Na kadhalika" halina utetezi hata siku moja. Baada ya kutafsiri, rudia zoezi hilohilo kwenye Kiingereza, maana mfasiri mwenye mazoea ya mikataba atakurudishia nusu ya ulichofuta.

Kisha mpe mtu dai la kwanza peke yake, bila michoro, umwambie achore. Fundi wa vyuma wa Katwe anafaa kuliko msomi, ila awe amesaini makubaliano ya kutunza siri kwanza; kumwonyesha mtu asiyefungwa na siri kabla ya kuwasilisha kunaweza kuua upya wa uvumbuzi. Akichora mashine yako, au mashine tofauti ambayo ungefurahi kuizuia, dai limekaa. Akisimamisha kalamu na kuuliza "imara vipi?" au "hii nyingine iko wapi?", amekuonyesha neno.

Barua ya mchunguzi ikija

Barua ikisema dai fulani haliko wazi kwa sababu ya "kimsingi" au "inayofaa", usijibu kwa kuongeza sifa ya pili ya kuieleza ya kwanza. Una njia mbili tu zilizo salama: kufuta neno kama halibadilishi upeo, au kuweka mahali pake kipimo ambacho tayari kimo kwenye maelezo uliyowasilisha. Nakili kipimo hicho kama kilivyoandikwa, na katika barua ya majibu utaje ukurasa na mstari kinapopatikana. Na kwa ombi la ARIPO, usafishe mapema kuliko unavyodhani inahitajika: baada ya Harare kuamua kwamba inaweza kutoa hataza, nchi zilizotajwa, Uganda ikiwamo, zina miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwao, na muda huo si wa wewe kurekebisha sentensi.